Hoteli ya "miaka 120" hapa Kisumu: nilipeleka kukhu (nyanya yangu) akaikague mwenyewe

Kilichonipeleka huko ni bango. Liko kwa ukuta wa nje, limeandikwa kwa herufi kubwa WAZEE WETU WALIKULA HIVI WAKAISHI MIAKA 120, na chini yake wamechora mzee ameshika bakora anacheka, meno yote yako. Nimelipita na tuktuk nikienda soko la Kibuye kama miezi mitatu hivi na kila nikiliona najiambia siku moja nitaingia. Jina la hoteli siandiki, kuna mambo ya jikoni nitayasema hapa na sitaki mtu afutwe kazi, lakini kama unaishi Kisumu na unakulanga nje ushazijua, ziko kadhaa siku hizi na zote zimepakwa rangi ya sukuma wiki.

Siku yenyewe haikuwa mpango. Kukhu wangu alikuwa ameletwa kutoka kwetu upande wa Ikolomani aje aangaliwe macho, na tulipotoka kliniki saa saba hivi akasema ana njaa lakini hataki chipsi, hataki kuku ya kukaranga, anataka chakula. Binamu yangu ndiye alikuwa kwa usukani. Nikamwambia haya twende kwa wale wa miaka 120, leo tuna mtaalamu ndani ya gari.

Na ni mtaalamu kweli. Kitambulisho cha kukhu kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1938, na ukienda kijijini kwetu utadhani wazee wote walizaliwa siku moja, maana siku ya kuandikishwa karani aliuliza mwaka tu na huo mwaka wenyewe ukakisiwa. Yeye anachojua ni kwamba alizaliwa wakati wazungu walikuwa wamejaa kwetu wakichimba dhahabu. Sasa hiyo dhahabu ya Kakamega ilianza kupigiwa kelele 1931 hapo, na wachimbaji walikaa miaka mingi, kwa hivyo kukhu anaweza kuwa na 80 na kitu, anaweza kuwa na 93, hakuna mwenye karatasi. Macho yamechoka lakini bado ana shamba kadogo nyuma ya nyumba la kunde na miroo na ukienda asubuhi unamkuta ameinama humo.

Tukaingia. Mahali ni pasafi, hiyo nawapa, meza za mbao, maji ya moto ya kunawa na sabuni iko. Weita ni kijana mpole sana, akamshika kukhu mkono, "Karibu dani, keti hapa hakuna upepo." Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Kukhu akamwambia yeye si dani, yeye ni kukhu wa Kiluhya, wakacheka wote wawili na kutoka hapo huyo kijana akawa wake. Menyu imeandikwa Kiswahili na Kijaluo, ugali wa wimbi 150, mboga tatu kwa sahani moja 600, aliya (nyama iliyokaushwa) 750, ngege (sato) wa mchuzi 900, uji wa kuchachua 120 kikombe. Mboga 600! Fungu la osuga (mnavu) Kibuye nanunua 30, na hapo mama ananiongezea kidogo. Lakini najua kazi ya kuchambua mboga za kienyeji, jani moja moja, kwa hivyo hapo sitalia sana.

Tulingoja dakika 55. Hakuna mtu alikuja kusema pole, hakuna mtu alileta hata njugu. Kukhu alisinzia, akaamka, akauliza kama wameenda kupanda.

Chakula kilipofika lakini, wacha niseme ukweli, mate yalinijaa. Hiyo sahani ya mboga ilikuwa na osuga iliyopikwa na maziwa, dek, na mrenda uliochanganywa na kunde. Osuga ilikuwa bado na ule uchungu wake, wako watu wanaichemsha wanamwaga maji mara tatu mpaka inabaki kama nyasi iliyooshwa, hawa hawakufanya hivyo, waliiacha kwa maziwa ikalala, ilikuwa laini na uchungu unakuja nyuma kabisa ukishameza. Dek (mgagani, sisi tunaita tsisaga) ilikuwa na vijiti viwili vitatu, hiyo ni uvivu wa mchambuaji. Mrenda ulivutika vizuri, ukiinua tonge unakuja na kamba ndefu, binamu yangu akajipaka kidevuni na shati, kukhu yeye anazungusha mkono kidogo hivi hewani na kamba inakatika yenyewe, miaka yote hii sijaweza kuiga huo mkono. Alisema aliyepika mboga ni mtu amefunzwa na mamake. Kwa kukhu hiyo ni nyota tano.

Ugali ndio ukawa na kesi. Umekuja mweusi mzuri, akaukata, akaubonyeza na kidole gumba, akaunusa. Akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anasema siri ya ukoo, "Hii ni mahindi wamevalisha nguo ya wimbi." Nikamuita weita. Akajikuna shingo akasema ni nusu kwa nusu madam, wimbi iko juu sana saa hizi. Sawa, bei ya wimbi najua, lakini menyu imeandika WIMBI SAFI. Andikeni nusu kwa nusu, nani atakataa? Na kama tunauza "chakula cha wazee" tukumbuke mahindi ni mgeni, yalitoka Amerika, na huku kwetu yalishika kiti wakati wa mkoloni, kabla ya hapo ugali ulikuwa wimbi na mtama. Hata kiazi kitamu na muhogo asili yao ni hukohuko Amerika. Chapati nayo iko kwa menyu chini ya VYAKULA VYA ASILI, sijui ni asili ya nani.

Aliya ilikuwa tamu sana. Nyama iliyokaushwa vizuri ina harufu yake, kama moshi na kama siagi ya kienyeji pamoja, na ukiitafuna inakubali polepole, hii ilikuwa hivyo. Ngege wa kawaida. Niliuliza ni wa ziwani, wa vizimba ama ni yule wa katoni kutoka China, nikajibiwa "ni fresh" na mtu akaenda zake.

Sasa chumvi. Kila kitu kilikuwa na chumvi, na si chumvi ya kusahaulika mkono mara moja, ni mpango. Kukhu alikunywa glasi tatu za maji akasema, "Mboga ni tamu lakini inanichoma ulimi. Kwani chumvi siku hizi ni bure?" Sinki ya kunawa iko karibu na mlango wa jikoni na mlango ulikuwa wazi, nikaona kwa meza katoni ya vile vidonge vya mchuzi, kopo la magadi, na pakiti ya chumvi ya kilo imekatwa mdomo kabisa, si ile ya kuchota na kijiko. Mpishi ni mama wa makamo. Tukasalimiana, nikamsifu osuga, akafurahi, ndio nikamuuliza hii chumvi vipi mama. Akaniambia, "Wewe ni wa kwanza kulalamika. Nikipunguza, wateja wanasema nimewapikia chakula cha hospitali. Na magadi nisipoweka, mrenda hauvutiki haraka na mdosi anataka haraka."

Mnaweza kuona nalia juu ya kitu kidogo, lakini hapa ndipo hoteli yote inapoangukia, na sisemi kwa kubahatisha. Mwaka 1929 kuna daktari mwingereza, C. P. Donnison, aliandika kwa jarida la Lancet mambo aliyoyaona akifanya kazi huku kwetu Kavirondo ya Kusini, hiyo ni Kisii na majirani zake wa leo. Kwa kama miaka miwili walilazwa watu karibu 1,800 kwa hospitali yake na anasema hakukutana na presha hata mmoja, na alipopima watu wazima kama 1,000 wasio wagonjwa akakuta presha haipandi na umri vile ilivyokuwa inapanda kwa wazungu. Hawa ni shosho na guka za watu tunaowajua! Halafu mwaka 1990 watafiti wengine, kina Poulter, wakachapisha utafiti wao, walifuata Wajaluo waliotoka kijijini huku magharibi kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kupanda ndani ya miezi michache tu. Walipopima mkojo wakakuta sodiamu, yaani hiyo ya chumvi ya duka, imepanda, na potasiamu, ile inayokuja na mboga na viazi, imeshuka. Damu ni ileile ya mtu wa Nyanza, kilichobadilika ni sufuria na maisha. Kwa hivyo hii hoteli imechukua mboga ya kijijini ikaipika na chumvi ya Nairobi, halafu ikachora mzee kwa ukuta.

Kukhu hajui Donnison lakini alifika hapohapo na njia yake. Aliuliza mpishi mbona haweki musherekha. Mpishi ni Mjaluo wa Seme akasema hicho kitu anakisikia tu. Kwa wasiojua, maganda makavu ya maharagwe unayachoma, majivu unayaweka kwa kopo au chungu kilichotobolewa chini, unamwaga maji juu polepole, yanadondoka rangi ya chai ya rangi. Hayo ndiyo munyu wa kienyeji. Kijiko kimoja kwa mrenda ama kunde, mboga inalainika na ladha inakuja na hujatia chumvi bado. Na majivu ya mimea yamejaa potasiamu kuliko sodiamu, magadi yenyewe ni sodiamu tupu. (Kama una shida ya figo usikimbilie musherekha kwa sababu umesoma hapa, uliza daktari wako kwanza, potasiamu nyingi si mchezo kwa mtu wa figo.) Kukhu alimweleza mpishi hatua kwa hatua akiwa amesimama kwa mlango wa jikoni na bakora yake, mpishi ameacha sufuria anasikiliza, weita anapita na sahani anazunguka. Hiyo ndiyo picha ningechukua ya ukutani.

Tukirudi kwa ukuta, ndani wamebandika ramani ya dunia yenye alama tano za bluu, ile ya Blue Zones, mahali panaposemwa watu wanaishi miaka mingi sana. Okinawa huko Japani, Sardinia ya Italia, Ikaria ya Ugiriki, Nicoya ya Costa Rica na Loma Linda kule California. Hadithi yenyewe ilianza na watafiti wawili, Gianni Pes na Michel Poulain, walikuwa wanazungushia vijiji vya Sardinia vyenye wazee wengi kalamu ya wino wa bluu, halafu Dan Buettner akaichukua akaiandika kwa National Geographic mwaka 2005 na ikawa biashara kubwa. Hawa wa hapa wameongeza alama ya sita kwa mkono, marka pen ya kijani, juu ya Ziwa Victoria. Nilicheka mpaka binamu akaniangalia.

Kwa hizo tano kuna ukweli na kuna kizunguzungu. Okinawa ya zamani kweli walikula kama kukhu, kabla ya vita na muda mfupi baadaye zaidi ya nusu ya chakula chao chote ilikuwa kiazi kitamu, nyama ni ya sherehe. Wakaja Wamarekani, wakatawala hapo mpaka 1972, nyama ya mkebe ikaingia, baga zikaingia, na kufikia mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walikuwa nambari 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Wale wa Loma Linda ni Waadventista, yaani Wasabato, hao wamefuatiliwa vizuri na daftari zipo, wanaume wao California walikuwa wanaishi karibu miaka 7 zaidi ya wazungu wenzao wa jimbo hilo, wanawake 4 na kitu. Jirani yangu kwa ploti ni Msabato wa Nyamira, nilipomwambia akasema alijua tu, akaongeza sauti ya kwaya. Lakini hao hawavuti sigara, hawanywi pombe, siku moja kwa wiki wanapumzika na kanisani wanajuana, sasa utasema ni maharagwe peke yake?

Upande wa kizunguzungu kuna mtafiti Saul Newman, mwaka 2024 alipewa Ig Nobel, ile tuzo ya kuchekesha halafu kufikirisha, kwa kuonyesha kwamba mahali wazee wa miaka 100 na zaidi wamejaa mara nyingi ni mahali karatasi za kuzaliwa ni mbovu na watu ni maskini. Japani wenyewe walipofanya hesabu 2010 walikuta zaidi ya watu 230,000 wa miaka 100 kwenda juu wako kwa daftari na hawajulikani waliko, na yote yalianza baada ya mzee mmoja wa Tokyo aliyekuwa ahongerwe kwa kufika 111 kukutwa amekauka kitandani, alikuwa amekufa kama miaka 30 na familia inakula pensheni. Wenye Blue Zones wamejibu kwamba wao wazee wao waliwakagua mmoja mmoja, sawa. Ila mtu mmoja tu duniani mwenye karatasi za kuaminika ndiye amevuka 120, ni Jeanne Calment wa Ufaransa, alikufa 1997 akiwa na 122, na huyo alivuta sigara miaka mingi na alipenda chokoleti. Hakuonja osuga.

Niliposomea kukhu bango na hii habari ya karatasi aliangua kicheko. Akasema kwao kuna mama kitambulisho chake kinamfanya awe mdogo kuliko kifungua mimba wake, na kwa sababu hiyo alikosa pesa za wazee za serikali, zile 2,000 za mwezi za Inua Jamii za waliofika 70, miaka kadhaa mtoto anapokea mama hapokei. Huko kwingine watu wanaongeza umri kupata pensheni, sisi kalamu ya karani inatuibia.

Halafu akawa kimya kidogo, anachokonoa aliya kwa jino, akasema kitu ambacho kilinitoa hamu ya kucheka. "Hao wazee wa miaka 120 wako wapi? Baba yangu alikufa mimi sijaolewa. Mimi nimezaa tisa, nimezika watatu, wawili ni surua." Akasema mboga walikula kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na nyumba, nyama ilikuwa Krismasi au matanga, na miezi ya njaa kabla ya mavuno walilala na uji mwepesi, mtu hakuwa anachagua chakula cha afya, alikuwa anachagua nani ale kwanza. Nikakumbuka wakati wa uhuru wastani wa umri Kenya ulikuwa karibu 50 tu, na si kwamba watu wazima walikuwa wanaanguka wakifika 50, ni watoto walikuwa wanakufa wengi na kuvuta hesabu chini. Aliyepita utoto akafika uzee alikuwa ni mtu wa chuma tangu mwanzo. Hao ndio tunawaona leo wamekaa chini ya mwembe tunasema ni mrenda. Kukhu yeye anasema amefika hapo kwa sababu ya Mungu, miguu na kuacha kugombana na mashemeji. Kwa menyu hakuna hata moja.

Bili ilikuwa 2,870 watu watatu na chupa ya maji ndani. Till ya kulipia kwa simu ilikataa mara mbili, ikakubali ya tatu, risiti ya karatasi hawana.

Nilirudi peke yangu wiki mbili baadaye, wakati huu asubuhi, na asubuhi nawasifu kabisa. Uji wa wimbi na mtama uliochachushwa siku mbili, mchachu wa kukaza taya, sukari unajiwekea mwenyewe kama unataka, na rabuon (kiazi kitamu) ya kuchemsha ya unga unga hivi, 220 jumla. Hakuna chumvi, hakuna kungoja, redio iko chini. Kama ingekuwa ni asubuhi tu ningewapa kumi juu ya kumi na kunyamaza.

Kilichoniudhi siku hiyo kiko kwa kaunta. Wanauza poda kwa mikebe ya plastiki, imeandikwa inasafisha damu, inaondoa presha, sukari, maumivu ya viungo na inaongeza "nguvu za kiume", yote mkebe mmoja, 1,500. Haina alama ya ubora yoyote, haina tarehe, haijasema ni mmea gani. Mzee mmoja meza ya pili alikuwa anaambiwa na jamaa wa kaunta kwamba akianza hii anaweza kuacha tembe za presha pole pole. Sikuweza kunyamaza, nikamwambia mzee samahani, usiache dawa bila kuongea na daktari wako, jamaa akanikazia macho, mzee akasema asante binti yangu halafu akanunua mkebe. Sasa nitafanya nini. Mjomba wangu aliacha tembe kwa maneno kama hayo na tulimkuta mdomo umeenda upande. Mboga kuleni, zina chuma, zina vitamini, Profesa Mary Abukutsa ametumia miaka mingi, chuo cha Maseno kwanza halafu cha JKUAT, kuonyesha hivi vitu tulivyokuwa tunaviita magugu vina lishe kushinda kabichi, na hiyo ni kazi ya maana. Hata yeye anaongea juu ya mboga kwa sahani. Dawa ya presha ni dawa ya presha.

Vitu vingine haraka haraka kwa wenye kwenda. Parkingi ni ya magari manne, ukija saa saba utaegesha barabarani na askari wa kaunti wanapita. Choo kiko nyuma, kisafi, lakini kuna ngazi tatu bila cha kushika, kwa hoteli inayosema ni ya wazee hiyo ni aibu, tulimbeba kukhu karibu. Watoto hawana menyu yao. Ijumaa wana supu ya kichwa cha mbuta (sangara) na watu hujaa. Ukitaka wimbi kamili piga simu siku moja mbele, nimeambiwa wanafanya ukilipa 80 zaidi kwa kila ugali.

Mara ya tatu ilikuwa juzi. Nimefika tu weita akaniita, "Madam kuja uone," akanipeleka nyuma karibu na hizo ngazi. Kuna mkebe wa mafuta wa kilo nne umetobolewa chini na msumari, umewekwa juu ya matofali mawili, majivu ndani, chini bakuli, inadondoka tone, inangoja, tone. Rangi ilikuwa nyepesi kidogo, kukhu angesema maji yamekimbizwa, lakini ilikuwa ni musherekha. Mpishi akatoka akifuta mikono, akaniambia alianza nayo Jumanne, akapika kunde bila magadi na chumvi akaikata nusu, na sahani tatu zilirudi jikoni, mteja mmoja akamwandikia mpaka mdosi kwamba chakula kimeharibika. Kwa hivyo sasa anapika sufuria mbili, moja ya kawaida na moja ndogo, na ile ndogo haiko kwa menyu, unaomba kwa mdomo. Unasema unataka mboga ya kukhu. Nilipokuwa nalipa nikasikia mtu wa meza ya pembeni ameiomba, halafu sahani ilipofika akauliza chumvi iko wapi.